Kabureta imeonewa vya kutosha

NJIA YA MLIMANI
Na Elinami Mshana

Kaa nusu saa kwenye gereji yoyote ya pikipiki mjini Same, utasikia hukumu ileile. "Fundi, ikipita Mwembe tu, ikianza kupanda Mbaga, inakata." Fundi hata hajainama kuitazama: "Kabureta chafu hiyo." Inafunguliwa, inapulizwa, inaoshwa, inafungwa. Hela inatoka. Baada ya siku chache pikipiki imerudi palepale na ugonjwa uleule, na kabureta inavuliwa tena kama mtuhumiwa asiye na wakili.

Nazungumzia pikipiki kongwe: zile Yamaha DT za mabwana shamba na miradi, Honda XL, na Honda CG 125, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1976 na ambayo injini yake imeigwa na pikipiki nyingi za Kichina tunazopanda leo. Zilipigwa mnada, zikabadilisha mikono, na bado zinashusha tangawizi kutoka Mamba Myamba. Injini zake ni ngumu. Kinachoziangusha ni bati la tenki.

Tenki la chuma linapumua. Mchana wa Same, juani, hewa na mvuke wa petroli hutanuka na kutoka kupitia tundu dogo la kwenye kifuniko. Usiku pikipiki imelala Vudee au Chome kwenye ukungu. Tenki linapoa na kuvuta hewa yenye unyevu. Unyevu ule hugeuka matone ukutani, sehemu ile isiyoguswa na petroli. Sasa jiulize ni nani hapa anayejaza tenki. Tunaweka mafuta ya buku mbili, ya buku tatu, au lita moja ya kwenye chupa pembeni mwa barabara. Ukuta wa bati unabaki mtupu mwaka mzima, na kutu haihitaji mwaliko mwingine.

Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hushuka hadi chini kabisa, kwenye maungio ya bati, na humo ndimo tenki huanza kuoza. Humo ndimo pia koki inamovutia mafuta ya akiba. Ndani ya koki nyingi za zamani kuna mrija mrefu, unaochota juu kidogo ya sakafu, na tundu la chini linalochota mabaki. Dereva anayeishi kwenye "rizavu" anainywesha injini yake tope kila siku, halafu anamlaumu fundi.

Wapare hawahitaji mhandisi kutoka mbali kuwaeleza jambo hili. Ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba, ikijaa tope, hakuna anayekwenda kuzibua mfereji shambani kwake akadhani amemaliza kazi. Watu huitwa msaragambo, kazi ya pamoja, wakaingia ndani ya ndiva wenyewe na kuizoa. Kabureta ni shamba la chini.

Kupima hakuna gharama. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa nyeupe, mbali na moto na sigara, kisha fungua koki. Pikipiki hizi hazina pampu. Mafuta hushuka kwa uzito wake tu, kwa hiyo yanatakiwa yatiririke bila kusita. Yakianza vizuri kisha yakafifia, fungua kifuniko. Yakirudi kwa nguvu, basi tundu la hewa limeziba, mara nyingi kwa vumbi, au kwa ile nailoni ambayo mwenye pikipiki mwenyewe aliitandika ili mvua isiingie. Yasiporudi, tazama koki na chujio lake. Kisha iache chupa itulie. Maji yatajitenga chini, na unga wa kahawia utaonekana kwa macho.

Ukiuona unga huo, tenki lishuke. Limwage, lioshe kwa sabuni mpaka harufu ipungue, toa koki na kuziba tundu lake, weka kokoto safi au nati kuukuu na kulitikisa. Toa zote, uzihesabu. Jaza siki nyeupe ya dukani hadi juu, uache siku moja au mbili. Suuza kwa maji yaliyoyeyushiwa magadi ili kuua ukali wa siki, kisha suuza tena na kulikausha haraka kwa hewa, kwa sababu chuma kilichovuliwa kutu hushika kutu mpya ndani ya saa chache. Zungusha ndani petroli iliyochanganywa na oili kidogo. Hapo ndipo kabureta inapostahili kuoshwa, na chujio jipya liwekwe kwenye mpira.

Wapo wanaotumia asidi ya betri kwa kuwa ni ya haraka. Ni ya haraka kweli: inakula kutu, inakula bati, na tone moja jichoni linatosha. Wapo pia wanaochomelea tenki lililovuja wakiwa wamelimwaga tu. Tenki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na kwangu mimi fundi anayeligusa kwa moto kabla ya kuliosha na kulijaza maji asipewe kazi. Zile rangi za kupaka ndani sizipendi sana. Zikipakwa juu ya kutu hubanduka magamba, na magamba yanaziba koki kuliko kutu yenyewe.

Kwa nini basi mafundi wanaojua haya wanaendelea kuosha kabureta? Kwa sababu kijana wa bodaboda mwenye hesabu ya kupeleka jioni hawezi kuiacha pikipiki siku mbili. Nusu saa ya kabureta anaimudu. Kwa hiyo ningeanzia hapo: gereji ziwe na matenki ya kuazimisha. Tenki moja la DT na moja la CG, yamesafishwa, yananing'inia ukutani, mteja analipa kidogo kwa siku wakati lake limelala kwenye siki. Matenki ya aina hiyo yamo kwenye pikipiki zilizokufa zilizoegeshwa nyuma ya ofisi na kwenye nyua za watu, na mwenye chuma chakavu huyapima kwa kilo.