Asante Isiyolipa Deni

Kila tarehe 30 Aprili, katika Kongo yetu, ni sikukuu ya walimu. Watoto wanapita kwa mstari, wakubwa wanasema maneno marefu, na mwisho mwalimu anaambiwa asante. Vema. Lakini, ndugu wasomaji, tuulize: mwalimu yule aliyesimama juani amepokea mshahara wake?

Tangu miaka ya 1990 wazazi walikuwa wakichanga feza kwa kuwalipa walimu. Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza masomo ya msingi bila malipo. Wazazi walifurahi, na sisi pamoja nao. Lakini mwalimu ambaye jina lake halikuwa bado katika orodha ya Serikali alipoteza mchango wa wazazi, wala hakupata mshahara mahali pake. Wengine waliandikwa baadaye, wengine walingoja miaka. Na katika kungoja walisikia nini? «Mshukuru, mna kazi.»

Hapo tunakataa kabisa! Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba wajibu mkubwa wa mwenye kuajiri ni kumpa kila mtu haki yake, na kwamba kumnyima mtu mshahara ni kosa linalolilia mbinguni. Kwanza haki, kisha asante. Anayegeuza utaratibu huo anadanganya. Asante yake ni kitambaa cha kufunikia deni.

Lakini tusiinyoshee kidole Serikali peke yake. Zamu anayelinda nyumba zetu usiku tunamwita «wee!», jina lake hatulijui. Mwisho wa mwezi tunamwambia arudi kesho kutwa, na feza tunazo mfukoni. Mama anayefagia darasa kabla ya jua kutoka, ni mwalimu gani amekwenda kumwambia asante? Hata sisi makatekista tusijitoe: mkristu anatuletea yai, tunalipokea kama kodi, tena tunanung'unika likiwa dogo.

Basi, wazazi wanaotengeneza sikukuu ya Aprili waanze kwa kumwuliza mkubwa wa shule: walimu wangapi hapa hawajaandikwa? Majina yao yasomwe mbele ya watu wote na mbele ya wakubwa walioalikwa, kabla ya ngoma kupigwa.