Sumu ya pombe ipimwe kabla ya kaburi kuchimbwa

POMBE yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000. Mnamo Februari 2024, wakazi wa Kirinyaga nao walizika wapendwa wao waliokunywa pombe ya sumu.

La kusikitisha ni kwamba kuitambua methanoli si kazi ngumu. Damu au pombe hutiwa katika kichupa kilichozibwa barabara, kisha hupashwa moto. Methanoli huchemka kwa karibu nyuzi 65, ethanoli kwa nyuzi 78. Zote hupanda na mvuke. Sindano hufyonza mvuke huo na kuuingiza katika mtambo wa kutenganisha gesi. Hapahitajiki kiyeyusho chochote, ambacho aghalabu humdhuru mpimaji na kuongeza gharama. Majibu huweza kupatikana chini ya saa moja.

Muda huo ni uhai. Mwilini, methanoli hugeuka asidi ya fomiki, inayopofusha macho na hatimaye kuua. Mgonjwa akitibiwa mapema huweza kupona.

Basi serikali izisogeze mashine hizi na wataalamu wake karibu na hospitali za kaunti. Kipimo kinachofika baada ya mazishi humfaa hakimu, wala si mgonjwa.