Wenye Kuwaacha Wenzao Njiani

Tabia iliyoenea miongoni mwa Waswahili wanaofanya kazi Omani, hasa wakazi wa Maskati, ya kutoka pamoja alfajiri kwenda kutembea milimani na kisha kila mmoja kushika mwendo wake, hata wenye miguu mizuri wakafika kileleni na wanyonge wakabaki nyuma bila mtu wala maji, inastahili kukaripiwa hadharani, kwa sababu wanaoifanya ni watu wazima waliolelewa vyema na wanaojua fika kuwa haifai. Tangu Mei 2013, mapumziko ya mwisho wa juma nchini humo yalipohamishwa kutoka Alhamisi na Ijumaa yakawa Ijumaa na Jumamosi, Jumamosi imekuwa ndiyo siku ya matembezi, hususan kuanzia Oktoba hadi Aprili, majira ambayo joto hupungua na mtu aweza kupanda jabali bila kuungua. Walimu, wauguzi, wahandisi na wahasibu kutoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na mikoa ya bara hujipanga katika magari machache, hucheka njia nzima, hugawana maandazi na chai ya chupa, na kwa muda wote wa barabara huonekana kama ndugu wa tumbo moja. Undugu huo hudumu mpaka milango ya magari ifunguliwe.

Haisemwi kwamba watu hawa ni wabaya. Waswahili wa ughaibuni ndio wanaolipa karo za watoto wa kaka na dada zao, ndio wanaowajengea mama zao nyumba tofali kwa tofali, na mwenzao akifariki, hata kama hakuna aliyemjua vizuri, huchanga usiku mmoja mpaka maiti ikapata nauli ya kurudi kwao. Mwenye moyo wa namna hiyo kwa maiti hawezi kushindwa kumsubiri aliye hai kwa dakika kumi chini ya kivuli cha mwamba. Wapo wanaojitetea kwa kusema msafiri kafiri, kana kwamba wazee waliitoa methali hiyo iwe ruhusa ilhali waliitoa iwe onyo, na wapo wanaodai kuwa mwenda pole hajikwai, basi aliye nyuma aachwe aende pole yake. Methali hii ya pili ni nzuri, ila wanaopaswa kuambiwa ni wale waliotangulia mbele wakikimbilia kupigwa picha.

Dini haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao kuwa amiri, yaani kiongozi wa msafara, na Wakristo nao husomewa tangu utotoni habari za mchungaji aliyewaacha kondoo 99 nyikani ili amtafute mmoja aliyepotea. Amiri wa matembezi hahitaji kilemba wala cheo: kazi yake ni kuhesabu watu wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, kuuliza kila mmoja amebeba maji kiasi gani, kutazama jua, na kumweka mtu mwenye nguvu mkiani ili asibaki yeyote nyuma yake. Ni ajabu kubwa kuona watu wanaosimama safu moja nyuma ya imamu mara tano kwa siku, wasiothubutu kurukuu kabla yake, wakifika mlimani kila mmoja anakuwa imamu wa nafsi yake.

Na milima ya Omani si uwanja wa mzaha. Jebel Shams, ulio mrefu kuliko yote nchini humo, unakaribia mita 3,000, na usiku wa kipupwe baridi yake hufikia kugandisha maji, jambo ambalo mtu wa Tanga au Lamu hawezi kulisadiki mpaka alione. Njia inayopendwa zaidi na makundi huanzia kijiji cha Al Khitaym na kwenda hadi As Sab, kijiji kilichohamwa, ikiwa imeshikamana na ukingo wa bonde refu la Wadi Nakhr, na imewekewa alama za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu juu ya mawe ili mpita njia asipotee. Kwa kuwa njia hiyo haina mwinuko mkali, watu huidharau, wakaja na ndala, wakaja na chupa moja ya maji ya watu wawili, na mgeni aliyefika mjini juma lililopita akaja na viatu vyake vya ofisini kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumweleza. Lakini upande mmoja wa njia ni ukuta wa mwamba na upande wa pili ni shimo, na anayeshikwa na kizunguzungu hapo huhitaji sauti ya mtu karibu yake na mkono wa kushika. Wenzake wakati huo wamekwisha kupiga picha ya kundi zima, na katika kundi zima yeye hayumo.

Hatari ya mabonde ni kubwa kuliko ya vilele. Wadi, yaani bonde ambalo mto wake hukauka na kujaa kwa ghafla, huweza kuteremsha gharika wakati jua linawaka juu ya vichwa vya wanaoogelea, kwa sababu mvua imenyesha mbali milimani wasikoona, na mafuriko ya Aprili 2024 huko Samad al-Shan, yaliyowachukua wanafunzi waliokuwa ndani ya gari, yalimtosha mwenye kutaka kuonywa. Katika Wadi Shab, karibu na Tiwi, watembezi huvushwa kwa mashua, hutembea kwa miguu hadi kwenye madimbwi, na anayetaka kuyaona maporomoko yaliyo ndani ya pango sharti aogelee na kupenya katika upenyo mwembamba wa jabali. Si kila mtu wa pwani anajua kuogelea, ingawa ni wachache wanaokubali kulisema hilo mbele ya watu. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na anayeona haya kukiri hofu yake mbele ya kundi linalocheka ataingia majini hivyohivyo.

Na maadamu maji yametajwa, haifai kunyamazia uchafu. Falaj ni mfereji wa kale wa kugawia maji vijiji na mashamba, na mitano katika mifereji hiyo ya Omani iliingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia, mmojawapo ukiwa katika mji wa Birkat al-Mouz ambao watembezi huupita wakielekea mlima wa Jebel Akhdar. Desturi ya wanavijiji ni kwamba maji huchotwa kwanza ya kunywa, kisha hufuata ya kuoga na kufua, na mwisho huachiwa mitende, kwa mpango uliorithiwa kizazi hadi kizazi. Anakuja mtembezi mwenye shahada mbili, anajisugua kwa sabuni huko juu ambako maji hayajafika mahali pa kuchotwa ya kunywa, anaacha vikombe vya plastiki chini ya mtende wa mtu, anafungua muziki kwa sauti mlangoni mwa bibi wa watu, kisha jioni anahubiri kuhusu Uislamu wa watu wa zamani. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, kila mtoto wa madrasa anajua. Kuuweka udhia huo njiani ni tawi la kitu gani?

Yanayotendeka mlimani mchana hurudiwa barazani usiku. Baada ya matembezi hao hao hukutana nyumbani kwa mmoja wao au ufukweni Qurum, pakaletwa mishkaki, halua na kahawa yenye iliki, na mazungumzo yakawa ya wale wanaojuana, kuhusu safari ambazo mgeni hakuzifanya, huku mwanamke mmoja, ambaye naye alipanda mlima tangu asubuhi, akiwa jikoni anakaanga sambusa za watu kumi na wawili. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na wengi hao hawanyanyui hata sahani. Wangejifunza kwa wenyeji wao. Miongoni mwa Waomani wamo wengi ambao familia zao zilirejea kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, na majumbani mwao Kiswahili kingali kinasemwa. Katika nyumba hizo anayemimina kahawa haachi kumimina mpaka mgeni mwenyewe akitikise kikombe kuonyesha kuwa ametosheka, na hakuna mgeni anayeachwa na kikombe kitupu mkononi akitazama simu.

Wapo hata hivyo walioachwa nyuma kabla gari halijawashwa, nao ni wanawake wa Kiswahili, kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, wanaofanya kazi katika nyumba za watu mtaa uleule wanaokaa watembezi. Lugha ni moja, msikiti au kanisa ni lilelile, pengine hata kijiji walichotoka kimepakana na cha mhasibu anayepanga matembezi, lakini jina la mtumishi wa ndani halimo katika orodha, kwa kuwa inaogopwa kwamba watembezi wengine watauliza dada huyo anafanya kazi gani. Watu hawa hawa wakirudi kwao likizo hulalamika kwamba ughaibuni kuna ubaguzi. Akiulizwa, mpanga safari hujibu kuwa mwajiri wa dada huyo hatampa ruhusa ya kutoka, na ni kweli kwamba wengine hawapewi. Aliyepewa naye hajaulizwa, na Jumamosi iliyopita magari mawili yalikwenda Jebel Akhdar yakiwa na viti vitupu.