Basi linafika Masanga usiku wa manane, abiria anafikaje Ujiji?

Tangu Oktoba 1, 2023, mabasi ya mikoani yanaruhusiwa kutembea saa 24. Zuio la usiku lililokuwapo tangu miaka ya 1990 liliondolewa baada ya Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, kutangaza bungeni Juni mwaka huohuo. Mjadala ulikuwa mkali, ila karibu wote ulihusu barabara kuu: ajali, usingizi wa madereva, ujambazi njiani.

Kwa watu wa Kigoma kuna swali jingine, na liko Gungu, nje ya geti la stendi ya Masanga.

Hesabu yake si ngumu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na sheria hairuhusu basi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Weka muda wa kula, kuchimba dawa, mizani, trafiki na kushusha watu njiani, wastani unashuka hadi kama kilomita 60 kwa saa. Hizo ni saa 20. Basi lililotoka Dar saa 12 asubuhi linaingia Masanga saa 8 usiku, hapo halijapata pancha.

Enzi za zuio, basi kama hilo lilipaki njiani, watu wakasinzia kwenye viti hadi asubuhi. Ilikuwa kero kweli. Lakini kero hiyo ilikuwa na faida moja isiyosemwa sana: abiria aliingia Kigoma mchana, daladala zipo, maduka yako wazi, ndugu wanapokea simu.

Ulinzi unaishia mlangoni

Ndani ya basi, abiria wa leo amelindwa kuliko wa miaka 10 iliyopita. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inafuatilia mwendo wa basi kwa kifaa kilichofungwa ndani yake. Dereva anatakiwa awe amesajiliwa na ajitambulishe kwa kitufe chake kabla ya kuondoka. Safari inayozidi saa 8 inatakiwa iwe na madereva wawili. Tiketi ina jina na namba ya simu. Mfumo una kasoro zake, lakini basi likipata tatizo, kuna mahali pa kuanzia kuuliza.

Abiria akishuka na begi lake, vyote hivyo vinakatika. Kutoka hapo hadi nyumbani hakuna tiketi, hakuna rekodi, hakuna anayejua amepanda chombo gani. Na nyumbani kwa wengi si Gungu. Ni Mwanga, Katubuka, Bangwe, Kibirizi kwenye mitumbwi ya ziwani, au Ujiji kabisa, upande wa pili wa mji.

Reli haina shida hii kwa kiwango hicho. Wajerumani walipoifikisha Kigoma mwaka 1914, waliishusha hadi ziwani, na stesheni ipo katikati ya mji, hatua chache kutoka bandarini. Stendi ya mabasi imewekwa pembeni kwa sababu za maana tu, kupunguza msongamano mjini na kupata eneo la kutosha. Ila stendi inapowekwa pembeni, safari ya mwisho inarefuka, na gharama yake anabeba abiria.

Mchana gharama hiyo ni ndogo. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, daladala kwa umbali usiozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 hadi 600. Unabanwa, unakaa na begi mapajani, konda anapiga kelele, lakini unafika, na mashahidi unao gari zima.

Usiku wa manane daladala zimelala. Anayebaki ni bodaboda na bajaji, na bei ni ya kuelewana palepale, kati ya mtu aliyechoka saa 20 na mtu anayejua kwamba huyu hana pa kwenda. Mama mwenye mtoto mgongoni na mabegi mawili atapakiwa mshikaki, begi moja mbele kwenye tangi, jingine katikati. Helmeti mara nyingi ni moja, na iko kichwani kwa dereva.

Haki isemwe: vijana wengi wa bodaboda wanatafuta riziki na wanafikisha watu salama kila usiku. Bila wao watu wangelala stendi. Tatizo ni kwamba abiria mgeni hana namna ya kumtofautisha dereva wa kijiwe cha stendi na mtu aliyekuja tu na pikipiki kwa sababu amesikia basi linaingia.

Upande wa kuondoka ni hivyohivyo. Mkazi wa Ujiji mwenye basi la alfajiri, na ndoo ya mawese au dagaa wa kupeleka kwa ndugu, lazima awe barabarani saa 10 usiku. Daladala bado. Anapanda bodaboda gizani kwenda kulipanda basi lenye ulinzi wote huo.

Watu wamejipangia

Abiria wazoefu hawasubiri serikali. Wengine wanakaa stendi hadi kupambazuke. Wengine wanaulizana ndani ya basi nani anaenda Mwanga, nani Ujiji, kisha wanachanga bajaji moja, njia nzuri kuliko zote kwa sababu inapunguza bei na hakuna anayebaki peke yake na dereva. Wengine wanampiga picha namba ya pikipiki, wanaituma nyumbani mbele ya dereva huyohuyo, ndipo wanapanda. Dereva mwaminifu halalamiki.

Lakini mbinu hizi zinamsaidia anayeujua mji. Mgeni aliyekuja kuvuka kwenda Kongo au Burundi, au mwanafunzi anayefika mara ya kwanza, hana wa kumtumia picha.

Hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji ina kazi isiyohitaji mabilioni. Vizibao vyenye namba kwa bodaboda na bajaji wa stendi, daftari getini la nani yuko zamu usiku, taa nje ya geti na si ndani tu, bei za usiku zilizobandikwa ukutani, na sehemu ya kusubiri inayofungwa na kulindwa. Vyama vya bodaboda vingefaidika pia, maana jina baya la mmoja linawachafua wote.

Kuna jambo jingine, na hili liko mikononi mwa wenye mabasi. Ruhusa ya saa 24 ilileta uhuru wa kupanga ratiba upya. Basi la Dar likiondoka saa 10 jioni badala ya saa 12 asubuhi, kwa mwendo uleule linaingia Masanga saa 6 mchana. Saa za usiku zinaangukia barabarani, jambo lenye hatari yake: malori yaliyoharibika bila alama, na usingizi unaomjia dereva kati ya saa 8 na saa 11. Ila huko ndiko kwenye kifaa cha kufuatilia mwendo na dereva wa pili. Kwenye pikipiki ya kwenda Ujiji hakuna.

Kwa mabasi ya Kasulu na njia fupi nyingine, suala hili halipo, yanaingia mchana. Kwa anayekata tiketi ya mbali, cha kuuliza dirishani kabla ya bei ni saa ya kufika. Na afanye hivyo hata akielekea Dar, maana basi la alfajiri kutoka Masanga linamshusha Mbezi Louis usiku uleule wa manane, na Kariakoo bado iko zaidi ya kilomita 20 mbele.