Kigoma–Dar: Umbali wa angani si kilomita pekee

KWA mstari ulionyooka angani, Uwanja wa Ndege wa Kigoma, jirani na Katubuka, na Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam vinatenganishwa na takriban kilomita 1,077. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hupita kilomita zipatazo 1,250 kati ya miji hiyo. Tofauti ya njia ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kubwa ni ya muda: ndege ya pangaboi aina ya Q400 huhitaji saa mbili na dakika kadhaa, ilhali treni ya kawaida humweka abiria njiani zaidi ya siku moja.

Hata hivyo, kilomita hazitoshi kueleza kwa nini Kigoma huonekana mbali. Sababu mojawapo iko ardhini. Kwa miaka mingi njia ya kurukia ndege hapo ilikuwa na urefu wa mita 1,800 hivi. Uwanja uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya joto katika mwinuko huo ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Ndege kubwa ya jeti iliyojaa abiria na mafuta huhitaji njia ndefu kuliko pangaboi. Na ndege ikiwa ndogo, gharama za safari hugawanywa kwa abiria wachache.

Kigoma imo katika mpango wa kuboresha viwanja vinne, pamoja na Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Lakini kupanua uwanja hutaka ardhi, na ardhi ya pembezoni mwa mji ina nyumba na mashamba ya watu. Fidia ikichelewa, mwananchi hulipia maendeleo hayo kabla ya kuyaona.

Sababu ya pili, ambayo huzungumzwa kidogo mno, ni ramani ya safari zenyewe. Mwanza, yenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iko kilomita 450 tu kutoka Kigoma kwa angani. Abiria asiyepata ndege ya moja kwa moja akaamua kupitia Dar es Salaam, ataruka takriban kilomita 1,930, yaani zaidi ya mara nne ya umbali halisi. Bujumbura ni jirani zaidi, kilomita 177 hivi kaskazini mwa ziwa. Kwa kuzungukia Dar, zinageuka kuwa zaidi ya 2,200.

Mfanyabiashara anaweza kuivumilia hesabu hiyo, kwani ataiongeza katika bei ya bidhaa. Mgonjwa mwenye barua ya rufaa hana pa kuiongeza, na kwa kawaida huishia stendi ya mabasi.