Mtoto Huyu Ana Njaa: Ilani ya Wazazi wa Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo

Sisi wazazi na walezi wa watoto wenye mtindio wa ubongo nchini Tanzania tumeungana kwa sababu watoto wetu wanakonda mbele ya macho ya watu, na tukiuliza tunaambiwa ndivyo walivyo. Jibu hilo hatulikubali. Ubongo wa mtoto uliumia ungali mchanga, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa manjano kali, kwa homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Jeraha hilo haliongezeki. Njaa ndiyo inayoongezeka, na njaa ina dawa.

Mtoto wetu akifungua mdomo, ulimi husukuma uji nje. Taya hukibana kijiko lisikiachie. Shingo ikikakamaa kwenda nyuma, chakula huteleza kuelekea njia ya hewa. Anapaliwa, au kinaingia mapafuni kimyakimya, na siku chache baadaye tuko wodini kwa nimonia. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Mama aliyechoka, mwenye watoto wengine na kibarua kinachomsubiri, humlaza chali mapajani akammiminia uji mwepesi ili amalize. Hatumlaumu. Nani alimwonyesha njia nyingine?

Njia ipo. Mtoto akae wima, nyonga zimekunjwa, miguu imekanyaga kitu, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko kiwe kidogo, kije kutoka mbele, kisitoke juu. Akiking'ata, usivute, ngoja taya lilegee. Uji uwe mzito, maana mwepesi hukimbilia kooni kabla hajajiandaa, tena hujaza tumbo bila kulisha mwili. Utiwe karanga zilizosagwa laini, mafuta, parachichi au unga wa dagaa. Kumziba mtoto pua ili ameze tunakupinga, hata anayefanya hivyo akiwa bibi anayempenda.

Tunadai apimwe. Asiyeweza kusimama abebwe na mzazi kwenye mizani, kisha uzito wa mzazi utolewe. Mkono wake upimwe kwa utepe: mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake uko chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, na ulemavu haubadilishi kipimo hicho. Muuguzi amtazame akila, asiishie kuuliza kama anakula. Asiyemeza salama apewe rufaa mapema, kabla hajabaki mifupa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 25 inakataza kumnyima mtu chakula au vinywaji kwa sababu ya ulemavu wake. Tunataka ibara hiyo ifike zahanati.

Akina baba, tunawataka mshike kijiko. Mafundi seremala, tunawaomba viti vyenye egemeo na meza ndogo. Nasi tutatembeleana majumbani kwa zamu, saa za kula, anayejua amlishe mtoto na mgeni atazame, kisha mgeni apewe kijiko ajaribu mwenyewe.