Kabla ya Kununua REIT, Uliza: Kodi Ikiingia, Nani Anakula Kwanza?

Shuka matatu pale Rongai, chukua boda hadi Gataka, halafu tazama majumba mapya kando ya barabara. Mengi yamejengwa kwa mtindo mmoja: bedsita juu, maduka chini. Juu kumejaa, nguo zimeanikwa kila kibaraza. Chini ni tofauti. Kuna wa M-Pesa, kuna kinyozi, kuna wa vyakula vya mifugo, kisha milango miwili mitatu ya chuma iliyofungwa, ina kibao cha kutafuta mpangaji ambacho jua limeshakifubaza.

Je, mwenye jumba analala usingizi? Jibu halitegemei sana idadi ya milango iliyofungwa. Linategemea kama alijenga kwa pesa zake au kwa mkopo wa benki. Wa kwanza akikosa wapangaji wawili, mwezi huo anakula kidogo. Wa pili anaweza kupoteza jumba lenyewe.

Swali hilo hilo ndilo wengi wetu hatuulizi tunapoletewa habari za REIT kwenye simu. Tunauliza "inalipa asilimia ngapi?" na kuishia hapo. Wacha nikuonyeshe kwa nini asilimia ndiyo inafaa kuwa swali la mwisho.

REIT ni nini, kwa lugha ya mtaani

REIT ni amana inayokusanya pesa za watu wengi, inanunua au kujenga majumba, kisha kodi inayopatikana inagawiwa wenye pesa kulingana na uniti walizonunua. Ploti ya Gataka huwezi kuifikia kwa mshahara wako wa sasa, lakini kipande cha jumba la maofisi au hosteli unakiweza. Hilo ni wazo zuri, na si utapeli. Kenya imekuwa na kanuni zake tangu 2013, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA), na lazima kuwe na mdhamini anayeshikilia mali kwa niaba yenu pamoja na mkaguzi wa hesabu.

Kuna aina mbili unazopaswa kuzitofautisha. I-REIT humiliki majumba yaliyokamilika na hula kodi. D-REIT hujenga. Kanuni zinaitaka I-REIT igawe angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi, na ndiyo maana inasifiwa kwa mgao. Zinairuhusu pia kukopa hadi asilimia 35 ya thamani ya mali yake. D-REIT inaweza kufika asilimia 60, maana kujenga kunakula pesa kabla mpangaji wa kwanza hajaingia.

Hapo kwenye "mapato halisi" ndipo mambo yote yamejificha. Asilimia 80 ya sifuri ni sifuri.

Foleni ya kula

Kodi ikiingia, kuna foleni. Kwanza ni gharama za jumba: askari, maji, lifti, ukarabati, ada za kaunti. Kisha wasimamizi na mdhamini. Kisha benki na riba yake. Ukiwa na uniti, wewe uko mwisho kabisa, umeshika sahani.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua jumba la biashara la shilingi milioni 100 hapo Gataka. Kodi ya mwaka ni milioni 9, gharama zote milioni 2. Zinabaki milioni 7. Kama wawekezaji walitoa milioni 100 zote mfukoni, mgao ni asilimia 7. Uliyeweka 65,000 unapata 4,550 kwa mwaka.

Sasa tuseme milioni 35 zilikopwa kwa riba ya asilimia 15, na wawekezaji wakatoa 65. Riba peke yake ni milioni 5.25. Zinabaki milioni 1.75, na 65,000 zako zinazaa 1,750. Jumba ni lile lile, wapangaji ni wale wale.

Bado. Mpangaji mmoja mkubwa anayelipa milioni 1.5 kwa mwaka anafunga virago. Kwenye jumba lisilo na deni, mgao wako unashuka kutoka 4,550 hadi 3,575. Unauma, lakini unavumilika. Kwenye jumba lenye deni, zinabaki laki mbili unusu kwa wawekezaji wote. Wewe unapata shilingi 250. Hiyo hata bando ya wiki inakushinda.

Mkopo humsaidia mwekezaji pale tu riba iko chini ya kile jumba linachozaa. Kwenye mfano wetu ni chini ya asilimia 7. Mwambie mtu yeyote aliyewahi kukopa benki kwa shilingi za Kenya kwamba unatafuta riba ya 7, uone atakavyocheka.

Kuna lingine. Jumba likishuka thamani kutoka milioni 100 hadi 80, lile deni la milioni 35 sasa ni karibu asilimia 44 ya mali. Hamjakopa hata shilingi moja zaidi, ila mmeshavuka kiwango cha asilimia 35. Benki itaanza kupiga simu.

Riba hubadilika, mkataba huisha

Kwa sababu I-REIT hugawa sehemu kubwa ya mapato, haibaki na akiba nene ya kulipa deni lenyewe. Mara nyingi mkopo ukifika mwisho, hulipwa kwa mkopo mwingine. Hapo unategemea riba ya siku hiyo. Mwanzoni mwa 2022 riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7. Februari 2024 ilikuwa 13. Aliyekopa wakati wa kwanza na kulazimika kukopa upya wakati wa pili alikutana na soko jingine kabisa. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kuishusha tena, na sasa utasikia wauzaji wakisema wakati wa majumba umerudi. Huenda ni kweli. Lakini kilichoshuka kinaweza kupanda, na mkopo wa miaka mitano hauwezi kujua riba itakuwa ngapi siku utakapoisha.

Riba ya juu hupiga hata REIT isiyo na deni. Mwezi huo huo wa Februari 2024 serikali iliuza hati ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Nani atang'ang'ania uniti inayolipa 5 wakati serikali inatoa 18? Watu huuza, na bei ya uniti hudondoka.

Ukitaka kuona deni likimaliza kampuni kubwa, angalia Uingereza. Intu ilikuwa REIT iliyomiliki majengo ya maduka maarufu kama Trafford Centre huko Manchester. Ilikuwa na deni la zaidi ya pauni bilioni 4. Wapangaji walipoanza kuyumba, ilisitisha mgao mnamo 2019. Corona ilipofunga maduka, kodi ikakatika lakini deni halikukatika, na Juni 2020 ikawekwa chini ya wasimamizi. Maduka yenyewe yako pale hadi leo, watu wananunua viatu. Waliofutika ni wenye hisa. Afrika Kusini nako, Rebosis iliingia katika mpango wa kuokoa kampuni mnamo Agosti 2022 kwa sababu ya mzigo wa madeni.

Fahari: hata bila deni kubwa, unaweza kuumia

Usifikiri basi kwamba bila deni uko salama. Hapa kwetu somo ni Fahari I-REIT, iliyoanza chini ya Stanlib kisha ikasimamiwa na ILAM. Iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kila uniti, REIT ya kwanza kwenye soko hilo. Ilitaka kukusanya hadi bilioni 12.5, ikapata bilioni 3.6. Mali yake kubwa ilikuwa Greenspan Mall pale Donholm, pamoja na majengo machache mengine ya Nairobi.

Shida yake haikuwa benki. Ilikuwa ndogo, yenye majengo ya kuhesabu kwa vidole, na mkate wake mkubwa ulitoka kwa jumba moja. Miaka hiyo ndiyo Nakumatt, Uchumi na Tuskys zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine, na kila mwenye jengo la maduka Nairobi aligundua kwamba mpangaji mkubwa anaweza kuondoka na deni la kodi.

Miaka yake mizuri, Fahari ililipa senti 75 kwa uniti. Kwa bei ya 20, hiyo ni asilimia 3.75, chini ya kilichokuwa kikitolewa na hati za hazina za serikali. Bei ikaporomoka. Mwishoni mwa 2023, wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza uniti zao kwa shilingi 11, na Februari 2024 Fahari ikaondolewa kwenye orodha kuu ya soko na kuhamia jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa.

Chukua kijana aliyenunua uniti 1,000 kwa shilingi 20,000 mnamo 2015. Hebu tumpendelee, tuseme alilipwa senti 75 kila mwaka kuanzia 2016 hadi 2022, jambo ambalo halikufanyika. Angepata 5,250. Ongeza 11,000 za kuuza. Jumla ni 16,250. Miaka minane ya subira, na bado amepoteza, kabla hata hujahesabu jinsi unga ulivyopanda bei.

Mtego wa asilimia tamu

Hapa ndipo wengi hunaswa. Mgao ukitajwa kwa asilimia, hugawanywa kwa bei ya leo. Uniti ya shilingi 20 inayolipa senti 75 ni asilimia 3.75. Bei ikianguka hadi 6 na mgao ukapunguzwa hadi senti 50, asilimia inakuwa zaidi ya 8. Kwenye tangazo inaonekana tamu kuliko zamani, ilhali kila kitu kimeharibika. Ukiona asilimia ya juu ajabu, usiulize kwanza "nitapata ngapi?" Uliza "soko linaogopa nini?"

Na kuna kutoka. Siku hizi kuingia ni rahisi, ni simu tu. Kutoka kunahitaji mnunuzi. Laptrust Imara, I-REIT iliyoorodheshwa Machi 2023, iliwekwa katika kitengo maalum ambacho si cha kila mtu. REIT za Acorn, zile za hosteli za Qwetu na Qejani ambazo zimefika hadi Karen, ng'ambo tu ya Gataka, zilianza 2021 kwenye jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa. Hosteli zina mvuto wake, maana wanafunzi hawaishi na vyumba ni haba. Lakini nazo zina foleni yake: chuo kikifungwa au ada ikichelewa, vitanda hubaki wazi. Na pale uniti zinapouzwa kwa nadra, bei unayoonyeshwa si lazima iwe bei utakayopata siku mama amelazwa na unahitaji pesa kesho.

Maswali matano kabla ya kubonyeza "nunua"

Moja, deni ni asilimia ngapi ya mali, na limekaribia kiwango cha mwisho kiasi gani? Mbili, riba ni ngapi, inabadilika au haibadiliki, na mkopo unaisha mwaka gani? Tatu, mpangaji mkubwa analeta sehemu gani ya kodi, na mkataba wake unaisha lini? Nne, mgao umetoka kwa kodi, au umetoka kwa mali iliyouzwa na thamani iliyopandishwa kwenye makaratasi? Tano, mwezi uliopita uniti ngapi ziliuzwa, kwa bei gani?

Majibu yako kwenye ripoti ya mwaka. Ni kurasa nyingi, najua, lakini za deni na wapangaji hazizidi kumi. Kwenye chama chenu mgawaneni, kila mtu asome kurasa mbili. Asiyetaka kukujibu maswali hayo, usimpe pesa.

Sisemi usinunue REIT. Nasema usiweke humo pesa za kodi ya nyumba, wala za dharura, wala zile ulizokopa wewe mwenyewe. Weka zile unazoweza kuziacha miaka mitano bila kuzigusa. Na siku ukipita tena Gataka ukaona mlango wa chuma uliofungwa, kumbuka kwamba kuna mtu mwishoni mwa foleni aliyekuwa akiusubiri ufunguliwe. Ukinunua uniti, mtu huyo ni wewe.